Pombe ya Mama Tina na Ndoo Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Kilwa Masoko nikiwa na cheti kipya, suruali ya kuazima na imani kwamba hakuna nisichokijua kuhusu vyoo. Chuoni tulikuwa tumefundishwa vyoo kwelikweli. Bwana Afya wa Wilaya, mtu mnene mpole aliyezungumza huku akichonga penseli, aliisoma barua yangu mara mbili, kisha akaniuliza kama najua pombe ya mtama inavyopikwa.

"Sijui, mzee. Mimi ni Mwislamu, kwetu Mchinga."

"Sijakuuliza dini yako wala kwenu. Nimekuuliza kama unajua inavyopikwa."

"Sijui, mzee."

"Basi utajuaje kama imepikwa vibaya?"

Akanieleza kwamba kata anayonipeleka iko milimani, ndani kabisa ya wilaya, Wakatoliki na Waislamu wamechanganyika, na kwamba kilabu cha pombe cha huko hakifunguliwi bila saini ya Bwana Afya. Aliyenitangulia alikuwa akisaini akiwa amesimama mlangoni, pua ameiziba. "Wewe utaanzia jikoni," akasema. "Pika mwenyewe mara moja, tangu nafaka mpaka povu. Kuonja sikulazimishi. Ukishindwa niandikie kwamba umeshindwa, nitakutafutia kazi ya kuhesabu vyoo."

Nawaandikia haya ninyi vijana mnaoanza kazi hii, ambao siku hizi mnaitwa maafisa na mnapewa pikipiki. Mimi nilipewa daftari na mhuri.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kilabu kilikuwa cha Mama Tina, mjane Mkatoliki, mrefu, mwenye mikono mikubwa na mdomo usiojua kupamba maneno. Nilimpa shikamoo nikamweleza nilichotumwa. Aliniangalia kuanzia kofia mpaka viatu.

"Marahaba. Yaani serikali imekutuma ujifunze pombe?"

"Ndiyo, mama."

"Na hunywi?"

"Sinywi."

"Vizuri. Wanaokunywa huwa hawana subira ya kujifunza. Kavue hivyo viatu."

Sasa nifuateni, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Pombe ya mtama huanza na kimea, nacho ni nafaka iliyooteshwa kidogo kisha ikazuiwa isiendelee. Unaloweka mtama mwekundu mchana mmoja na usiku wake, unauchuja, unautandaza juu ya majani ya mgomba na kuufunika kwa gunia lililooshwa. Asubuhi na jioni unaunyunyizia maji. Siku ya tatu vichipukizi vimefikia urefu wa punje yenyewe, basi unaanika juani mpaka ukauke kau, unafikicha vimizizi vitoke, unatwanga. Ukiuharakisha hauna utamu. Ukiuchelewesha unaota majani, na hapo umelima bustani, hujapika pombe. Gunia likiwa chafu, ukungu unaingia mapema kabla hujawasha hata moto, na ukungu huo hakuna wa kuuona ndani ya kikombe. Ndiyo maana mpaka nastaafu nilikuwa naanza ukaguzi kwenye gunia.

Ndoo yangu ya kwanza niliiharibu. Nilipika uji mzito, nikauipua, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa cheti nikaona ni usafi zaidi kutia kimea uji ungali unatokota. Kesho yake uji ulikuwa vilevile uji. Mama Tina alichovya kidole, akalamba, akacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Umekiua, Bwana Afya. Kimea ni kiumbe. Unamwagia kiumbe maji ya moto?"

"Sasa nitajuaje kama umepoa vya kutosha?"

"Tia kiwiko. Ukiweza kumwogesha mtoto mchanga kwa joto hilo, tia kimea."

Nilikuwa sijaoa, mtoto mchanga sijawahi kumshika. Lakini kiwiko ninacho, na ndoo ya pili ilikubali. Kesho yake ilikuwa togwa, tamu, nyepesi, ile ile tunayofuturia nyumbani Mchinga. Nikanywa vikombe viwili. Mama Tina akaniambia ninywe cha tatu, maana hapo ndipo mwisho wangu. Baada ya hapo togwa ile ilichemshwa tena kwa muda mrefu, ikapoa, ikatiwa kimea kibichi kidogo na kufunikwa kwa kitambaa. Kimea hicho cha pili ndicho chachu. Usiku mmoja tu, na asubuhi ndoo ilikuwa inachemka bila moto. Nilitega sikio juu ya kitambaa nikasikia mchakacho mdogomdogo. Tukachuja kwa kung'uto la ukindu, na watu wawili wakainywa wakasema si mbaya kwa pombe ya Mwislamu.

Msikitini walininusa wiki nzima. Habari zikafika Mchinga kwamba mtoto wa fulani amekuwa mpika pombe, na mama yangu akatuma ujumbe kuniuliza kama ni njaa. Nilijieleza kadiri nilivyoweza. Ila niseme kweli, sijawahi kufundishwa na mtu nikaelewa kama nilivyofundishwa na yule mama, na nilimpenda kama mzazi.

Ndipo nikaja na ndoo nyingine.

Kwa desturi ya pale kila mnywaji alikuja na chombo chake: kibuyu, kikombe cha bati, kopo. Vingine vilikuwa vyeusi kwa uzee. Nami nilikuwa na mhuri ambao haujafanya kazi ya maana. Nikaandika amri yangu ya kwanza: vyombo vya wanywaji marufuku, kilabu kiwe na vikombe vyake vya plastiki, na kila kikombe kisuuzwe katika ndoo ya maji safi kabla ya kupewa mtu mwingine. Nikaipiga mhuri, nikaibandika ukutani.

Mama Tina hakujua kusoma vizuri, akataka nimsomee. Nilipomaliza akauliza, "Hiyo ndoo maji atabadilisha nani? Kisima kiko bondeni kule."

"Utabadilisha wewe, mama."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Yakichafuka."

"Yakichafuka nani kajua? Kila mtu akija na chake, uchafu wake anakunywa mwenyewe."

Nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Alinitazama, akaenda kutafuta ndoo. Bwana Afya wa Wilaya alipoisoma taarifa yangu aliandika pembeni kwa penseli: "Vizuri. Fuatilia maji." Nilisoma neno la kwanza tu.

Nilihamishiwa Kiranjeranje, nikakaa huko miaka, nikaoa. Watoto wangu wawili niliwaogesha kwa kipimo cha kiwiko. Kisha nikarudishwa makao makuu Masoko kuwa msaidizi. Yule bosi wa penseli alikuwa amestaafu, na aliyeshika nafasi yake alikuwa mtu wa haraka, viatu vinang'aa hata msimu wa mvua.

Ilikuwa msimu wa mvua pale watu wa kijiji kile walipoanza kuharisha. Mzee mmoja, mteja wa kila siku wa kilabu, akafariki. Bosi akanituma kwa sababu mahali napajua. Nilifanya kazi yangu kama nilivyofunzwa: nyumba kwa nyumba, nani kala nini, nani kanywa wapi. Jioni ya siku ya kwanza kila kidole kilikuwa kinaelekea kwa Mama Tina. Siku ya pili nikagundua jambo. Waliochukua pombe ileile kwa madumu yao wakanywea nyumbani, hakuna aliyeugua. Na mke wa mwalimu, ambaye pombe haigusi, alipita pale akaomba togwa, akapewa kwa kikombe cha kilabu, naye alikuwa amelala hoi.

Nikaenda kilabuni, nikasimama mbele ya ndoo. Maji yalikuwa na rangi ya uji. Juu yake karatasi yangu ilikuwa bado ukutani, imefubaa, mhuri unasomeka.

Pombe ilichemshwa mara mbili, haikuwa na kosa. Vikombe hamsini kwa siku vilikuwa vinachovywa katika maji yaleyale kwa amri yangu, na mgonjwa mmoja alitosha kuwagawia wote ugonjwa. Nililijua hilo siku ya pili, kabla ya adhuhuri, kwa uhakika kabisa.

Nikapiga simu Masoko. Bosi hakuningoja nimalize. "Chanzo ni pombe. Andika hivyo, mwaga, funga, urudi. Jina lako liko kwenye orodha ya kupandishwa, usinifanyie mambo marefu."

Ningeweza kusema. Ilihitaji sentensi moja tu. Nilikuwa na mke, na mtoto wa tatu njiani, na nilikuwa naogopa. Nikaandika chanzo ni pombe iliyopikwa katika mazingira machafu. Kisha nikasimamia pipa likimwagwa mbele ya kijiji kizima.

Mama Tina alisimama kando na mikono yake mikubwa imeshikana. Akasema, "Bwana Afya, nionyeshe uchafu uko wapi. Gunia langu hili. Pipa langu hili. Wewe unajua kukagua."

Karatasi niliibandua ukutani nikaitia mfukoni. Ndoo niliiacha.

Nilipopandishwa cheo, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kufuta ndoo za kusuuzia katika vilabu vyote vya wilaya. Nikaagiza kila mnywaji aje na chombo chake, na mikono ioshwe kwa kibuyu chirizi, yaani dumu lililoning'inizwa linalotiririsha maji ukikanyaga kijiti. Nilipata barua ya pongezi. Niliiweka sandukuni na sijawahi kumwonyesha mtu.

Nimestaafu sasa, niko Mchinga kwenye minazi yangu michache. Vijana hunitembelea wakiniuliza siri ya kazi, nami huwaambia habari za gunia na kiwiko, nao huandika. Wakati wote huo nilikuwa nawadanganya kwa kunyamaza. Mstaafu ana muda mwingi wa kukaa na nafsi yake, na yangu haikuwa mwenzi mzuri. Mwaka huu mvua zilipokatika nilipanda basi, nikamalizia kwa bodaboda, nikapanda milima ile.

Mama Tina nilimkuta anapepeta mtama. Amepinda mgongo. Mikono ni ileile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Afya. Umezeeka."

Nilikaa mkekani nikamweleza yote, ndoo, mke wa mwalimu, madumu, simu. Hakuacha kupepeta.

"Hilo nalijua," akasema. "Ulipobandua karatasi ukaitia mfukoni, nikajua."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nimwambie nani? Kwamba Bwana Afya ndiye mchafu?" Akaweka ungo chini. "Baada ya pale sikuuza hata togwa. Nikiweka mtungi mlangoni, watu wanapita upande wa pili. Mtoto mkubwa wa yule mzee aliyefariki anaishi nyumba ile pale. Tangu msiba hajanipa salamu. Nilimkata kitovu mimi, na hajanipa salamu."

Nikamwomba msamaha. Nililia, na sioni haya kuliandika.

"Mimi umeniambia, na mimi nilikuwa najua," akasema. "Kesho Jumapili. Kawaambie wasiojua."

Nililala kwa imamu wa pale. Asubuhi watu walipotoka misa walikusanyika kama kawaida yao kwenye uwanja wa soko, na Waislamu wa kijiji walikuwa wameshafika kununua mahitaji. Mwenyekiti wa kijiji akawanyamazisha. Mama Tina alikaa kwenye kigoda mbele ya duka, kitenge kimefungwa vizuri, kama mtu aliyekuja kusikiliza habari za wengine.

Nimehutubia mikutano mingi maishani. Huo niliongea nikiwa nimeshika fimbo kwa mikono miwili. Nikawaambia pombe ya Mama Tina haikumwua mtu. Nikawaambia ndoo iliwekwa na nani, kwa amri ya nani, na kwamba yeye aliikataa akalazimishwa. Nikaitoa karatasi yenyewe, ambayo sikuwahi kuitupa, nikampa mwenyekiti aisome.

Kisha mtu mmoja mwenye mvi akasogea mbele, na kwa jinsi watu walivyompisha nikajua ndiye mtoto wa yule mzee.

"Mzee," akasema, "ulilijua hili lini?"

Ningeweza kusema nililijua baadaye, uzeeni, baada ya kutafakari. Hakuna ambaye angenipinga.

"Siku ya pili," nikasema. "Kabla sijamwaga pipa."

Alinitazama, akatikisa kichwa mara moja, na sikupata kingine kutoka kwake, wala sikustahili. Akanipita. Akavuka uwanja mpaka dukani, akavua kofia, akachutama mbele ya kigoda.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama Tina alikaza kwanza kitenge chake, ndipo akaitikia.