Vidonge vya tansio alivyompa jirani

Juzi, kwenye kituo kimoja cha afya huku Mulongwe, niliketi karibu na mama mmoja aliyekuja na binti yake. Mama alikuwa amepakata chupa ya maji ya kitunguu saumu. Muuguzi alimpima tansio, yaani presha ya damu, kisha akampima tena.

"Mama, iko juu sana. Dawa unakunywaka?"

"Niliacha. Tangu nikunywe hii maji, kichwa hakiniume tena. Miye nilipona."

Muuguzi hakucheka wala hakugomba. Alifungua chupa, akanusa, akairudisha kwa mikono miwili.

"Kitunguu kula tu, mama. Chumvi upunguze, na samaki ya ndagala kavu uloweke kwanza, chumvi itoke. Lakini vidonge usiache. Tansio inaweza kukuangusha bila kusikia maumivu yoyote. Vile vyenye vilibakia viko wapi?"

"Nilipatia jirani. Kichwa kilikuwa kinamuuma."

"Alipimwa tansio?"

Mama alitikisa kichwa. Huku kwetu tunagawana moto, chumvi na mwavuli, na vidonge navyo tumeviingiza humo humo katika ujirani mwema.

"Weye, kimbia," mama alimwambia binti yake. "Umuambie asikunywe tena. Umulete, hata akikatala."

Binti alirudi amemshika jirani kiunoni. Yule mwanamke alikuwa akitembea polepole, akilalamika kizunguzungu. Muuguzi alimpima: tansio ilikuwa imeshuka mno.

Mama aliinuka, akamwachia kiti, akabaki amesimama kando yake amemshika mkono.