Nilivyonunua Kupe la Manyoni

Siku ya kwanza kazini nilifika karakana ya serikali pale Singida mjini nikiwa na mkasi wangu mwenyewe kwenye kapu, kwa sababu sikuamini kwamba serikali ina mkasi mkali. Nilikuwa binti wa Mgori, nimejifunza kushona magauni kwa masista, na karakana ilikuwa inatafuta mtu wa kushona viti vya magari. Fundi Mkuu wa Karakana, mtu mrefu aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi, alinitazama, akalitazama kapu, kisha akanipeleka kwenye kiti cha landrova kilichopasuka hadi springi zinachungulia nje.

“Kiti cha gari si gauni,” akaniambia. “Hiki kinakaliwa na mtu mzito kwenye barabara mbovu kila siku. Kifumue kwanza uone kilivyotengenezwa, ndipo ushone.”

Nikakifumua. Chini kuna springi. Juu ya springi kuna gunia la katani, ili zisitoboe. Juu ya gunia kuna sponji, ingawa kwenye magari ya zamani sana walikuwa wanajaza manyoya ya mkia wa farasi, na juu kabisa ndipo inakuja ngozi au turubai. Nilijifunza kutumia sindano iliyopinda, inayoingia na kutokea upande uleule, kwa kuwa nyuma ya kiti mkono haufiki. Vidole vyangu vilivimba. Jioni Fundi Mkuu alikaa kwenye kile kiti, akajitikisa kama mtu aliye barabarani, akaondoka. Kesho yake nilikuta kiti kingine kinanisubiri, nikajua nimepata kazi.

Baadaye nilihamishiwa Manyoni, chini ya Mhandisi wa Wilaya, bwana mmoja mpole aliyekuwa na maumivu ya mgongo na kwa hiyo alijali viti kuliko injini. Hakuna gari lililotoka karakana yake kabla hajakaa mwenyewe kwenye kiti cha dereva na kufumba macho kidogo. Kwake nilijifunza kwamba kiti kigumu kiasi ndicho kinachompumzisha mtu wa safari ndefu, na kwamba kile laini mno humchosha kabla hajafika Itigi.

Ni Manyoni hiyohiyo nilikoliona lile gari. Kila Jumapili mfanyabiashara mmoja wa ngozi, Mzee Shabani, alilitoa nyumbani kwake, akalizungusha hadi stesheni ya reli, akalirudisha. Lilikuwa jeusi, la milango miwili tu, pua ndefu, na paa lake lilishuka taratibu kwa nyuma kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Lilitengenezwa Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Pili, na Mzee Shabani alilinunua kwa Mzungu wa reli aliyekuwa anarudi kwao. Siku moja Fundi Mkuu alikuja kutukagua, nikamwonyesha.

“Gari la mtindo huo linaitwa kupe,” akasema.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Kwetu kupe tunambandua kwenye sikio la ng'ombe. Yeye hakucheka. Alisimama kando ya barabara akalitazama gari hadi likapotea, na nikaona kwamba ndani ya ile ovaroli kulikuwa na mtu mwenye tamaa kama yangu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Nduguti, ofisi za wilaya zilipokuwa mpya. Mkurugenzi alinipokea vizuri, lakini magari yake yalikuwa ya kisasa, viti vyake havichaniki upesi, na vikichanika dereva ananunua vifuniko vilivyoshonwa tayari dukani. Mimi nikawa nashona zaidi viti vya ukumbi wa mikutano. Mume wangu alifariki nikiwa hukohuko. Nilipostaafu nilirudi nyumbani kwangu Singida mjini na cherehani yangu, na kwa muda mrefu nilishona mapazia ya majirani bila furaha yoyote.

Ndipo Ijumaa moja simu ikaita. Alikuwa Mwalimu Zuhura, binti wa marehemu Mzee Shabani, niliyefahamiana naye tangu Manyoni. Baada ya salamu akaniuliza kama bado nalitaka lile gari la baba yake nililokuwa nalikodolea macho. Alisema wanunuzi wa vyuma chakavu wamekwisha kuliona, na Jumatatu wanakuja na msumeno.

Nilikata simu. Nikampigia Fundi Mkuu, ambaye naye alikuwa amestaafu siku nyingi na anaishi upande wa pili wa mji.

“Shikamoo, Fundi Mkuu.”

“Marahaba, Mama Eliza.”

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. 

“Injini inazunguka?” akauliza.

Nikasema sijui.

“Waambie, mtu yeyote asiiguse mpaka nifike.”

Kesho yake asubuhi nilimkuta stendi amenitangulia, amevaa ovaroli, mfuko wa spana miguuni. Njiani hadi Manyoni kila mara aliangalia saa.

Gari lilikuwa kwenye banda nyuma ya nyumba. Matairi yalikuwa yameoza, kuku walikuwa wanatagia ndani, na panya walikuwa wamekula viti hadi nikayaona manyoya ya farasi niliyokuwa nimeyasikia tu kwa miaka yote ile. Nikaingiza mkono ndani ya kiti. Yalikuwa makavu, lakini bado yananesa. Mtu aliyekishona alikuwa ameshapumzika kaburini, na mshono wake ulikuwa bado umeshika.

Fundi Mkuu alifungua boneti, akatoa plagi, akamimina mafuta kidogo kwenye kila silinda, halafu akatuambia tukanywe chai. Alieleza kwamba injini iliyokaa sana bila kuwashwa huweza kukamata, yaani vyuma vya ndani vinashikana kwa kutu, na ikiwa imekamata kabisa tutakuwa tumefuata pambo. Ile chai sikuisikia ladha. Tuliporudi alichomeka hendeli mbele ya gari, kile chuma kilichopinda cha kuzungushia injini kwa mkono, akakisukuma chini. Hakikwenda. Akapumua, akakilalia kwa uzito wake wote. Ukasikika mlio kama wa mlango wa zamani, kisha hendeli ikashuka. Akaizungusha tena, na tena, na tena, anacheka peke yake, ovaroli imelowa jasho. Mimi nilikuwa nimeshika bodi la gari na nilihisi likitikisika chini ya viganja vyangu, na moyo wangu nao ukawa unapiga kama kitu kilichozinduliwa.

Mwalimu Zuhura alitaka kujua tutalifanyia nini. Nikamjibu kwamba tutaliendesha barabarani hadi hapo mlangoni kwake. Akakubali, nasi tukaelewana. Sehemu ya kiinua mgongo changu iliishia hapo, na binti yangu Eliza alinipigia kuuliza, kwa adabu zote, kama nina homa.

Tulilileta Singida juu ya lori na kuliweka uani kwa Fundi Mkuu. Mke wake, Mama Joseph, alisema afadhali gari kuliko mume anayeshinda sebuleni akibishana na redio. Hapo ndipo kazi ilipoanza, na sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda hiyo. Nilikuwa naamka kabla ya adhana ya alfajiri, nikisubiri tu kupambazuke ili niende.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria yake: sura isiguswe, ila kinachoweza kuua kibadilishwe. Breki za asili zilikuwa za waya, unakanyaga pedeli na waya unavuta kila gurudumu kwa wakati wake, gari linaweza kwenda upande linakotaka. Tukaweka breki za mafuta kutoka kwenye pikapu ndogo. Umeme wake ulikuwa hafifu, taa zinamulika kama kibatari, tukaufumua wote na kufunga waya mpya na betri ya kisasa. Tukaongeza mikanda ya viti, na taa ndogo za kuonyeshea kona, kwa sababu lilikuwa na vijiti tu vya kuchomoza ubavuni. Injini alikataa kuibadilisha. Vijana wa gereji walimshauri aweke ya Kijapani, akawaambia waende wakamshauri bibi yao abadilishe moyo.

Viti vilikuwa vyangu. Nilitafuta ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa vizuri, rangi ya hudhurungi, nikayaosha yale manyoya ya farasi, nikayachambua na kuyarudisha yalikokuwa. Nilishona mstari kwa mstari. Macho yalipochoka nilipapasa kwa vidole.

Kwenye rangi tuligombana kweli. Bodi tulikubaliana libaki jeusi, lakini mimi nilitaka ringi za magurudumu ziwe njano, njano ya alizeti, ile inayojaa mashambani kwetu hadi macho yanauma.

“Gari si kitenge, Mama Eliza.”

“Fundi Mkuu, wewe umepata injini yako. Mimi nipe magurudumu.”

Siku kadhaa hatukusemeshana isipokuwa kuhusu spana. Kisha nikafika asubuhi moja nikakuta ringi zimeanikwa kwenye kamba ya nguo, zote njano, naye yuko chini ya gari anajifanya hanisikii.

Siku ya kulitoa nje, aliwasha, gari likanguruma kwa sauti nzito, Mama Joseph akapiga vigelegele. Fundi Mkuu akalirudisha nyuma taratibu, akagonga pipa la maji lililokuwa linaonekana wazi kabisa upande wa kulia. Akazima. Akabaki ameshika usukani.

“Ni mtoto wa jicho,” akasema. “Upande huu sioni kitu. Nilidhani nitawahi kumaliza kabla hujajua.”

 Nilikuwa nimemkaribia dirishani, na nilipouona uso wake, uso wa mtu aliyenifundisha kazi, nilitamani lile pipa lingenigonga mimi.

“Wewe ndiye utakayeendesha,” akasema.

Nilimkumbusha kwamba sijawahi kuendesha hata trekta. Maisha yangu yote nilishona kiti cha dereva, nikakikabidhi, nikarudi nyumbani kwa miguu.

“Basi sasa utajifunza ulikuwa unamshonea nani.”

Alinifundisha kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, siku zisizo na mnada. Gari hilo gia zake hazijirekebishi zenyewe kama za leo. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unakanyaga tena ndipo unaingiza nyingine, na ukikosea linapiga kelele kama unasaga mawe. Nilisaga mawe sana. Watu waliegemea uzio kunitazama, bibi mzima nimevaa miwani na kilemba. Fundi Mkuu alikaa pembeni yangu akisikiliza injini, na ingawa macho hayakumsaidia, alijua kila kosa kabla halijatokea. Nilipobadilisha gia kwa mara ya kwanza bila mlio wowote nilipiga honi peke yangu, uwanja mtupu, kwa furaha tu. Baadaye nilikaa darasani na vijana wa umri wa wajukuu zangu, nikapata leseni. Mkaguzi wa magari alilizunguka gari letu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akaomba akae ndani.

Jumamosi moja tukaondoka kwenda Manyoni. Tulipita Ikungi upepo ukiingia madirishani, malori yanatupigia honi, abiria wa mabasi wanatoa simu kutupiga picha. Nilikuwa naimba. Mbele kidogo barabara ilishuka, na pale chini nikaona vumbi likitoka vichakani upande wa kulia.

“Ng'ombe,” nikasema.

“Wako wapi?” akauliza, na kwa swali hilo nikajua kwamba pale barabarani niko peke yangu.

Kundi zima lilimiminika kwenye lami. Nikakanyaga klachi, nikatoa, nikakanyaga, nikaingiza gia ya chini, injini ikalia, nikakanyaga breki kwa miguu na sala. Gari likapungua, likanyooka, likasimama. Pua yake na pembe za fahali wa mbele vilibaki vikitazamana. Fundi Mkuu alitoa mkono aliokuwa ameushikiza kwenye dashibodi, akaufuta kwenye ovaroli.

“Breki zimevuta sawasawa pande zote,” akasema, kwa sauti iliyokauka kidogo.

Mchungaji wa ng'ombe hao, mzee wa Kinyaturu kama mimi, alikuja akagusa gurudumu la njano, akauliza kwa Kinyaturu ni gari gani. Nikamwambia ni kupe. Akawageukia ng'ombe wake, akanigeukia mimi, akacheka hadi akaegemea fimbo.

Mwalimu Zuhura alikuwa amesimama mlangoni kwake tulipofika. Aliingia garini, nikamzungusha hadi stesheni na kumrudisha, mkono wake ukipapasa ngozi ya kiti.

“Baba aliendesha vibaya kuliko wewe,” akasema alipokuwa anashuka, kisha akaingia ndani haraka, na alipotoka na chai macho yake yalikuwa mekundu.

Vijana wanaoanza kazi huniuliza kustaafu kukoje. Huwaambia kwamba miaka ya kazi inakufundisha sehemu moja tu ya gari, na ukiwa na bahati na afya unapata muda wa kuzijua zilizobaki. Mimi nilidhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa sijawahi hata kukaa upande wa usukani.

Fundi Mkuu alifanyiwa upasuaji wa jicho mwaka jana, ukaenda vizuri. Siku alipofunguliwa bandeji nilimfuata hospitali na gari, nikamkuta amesimama getini na Mama Joseph, anasoma kwa sauti maandishi ya kila lori linalopita. Mama Joseph alikuwa anapita sokoni, hivyo tukabaki wawili. Nikashuka, nikamnyooshea ufunguo. Aliutazama. Akalitazama gari kuanzia pua hadi nyuma, polepole, kisha akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akafunga mkanda.

“Twende, dereva,” akasema.