Jino Lililomnyamazisha Mama

Juzi nilimuona jirani yangu, mama wa makelele, amekaa kimya mlangoni, shavu limevimba. Mimi nisiyetoka nyumbani ila mkate ukiisha, nilivuka barabara kumwambia aende kwa muganga wa meno. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, kule mtaani Mapendo, nyumba yetu ilinuka karafuu. Tangu jana yake mama alikuwa hasemi wala hali chakula, amejifunga kitenge kutoka kichwani hadi kidevuni. Mimi nilijua jambo moja tu: amenikasirikia. Basi nikapiga magoti mbele yake kama mbele ya padiri, nikaungama sukari niliyoramba na sahani niliyovunja.

"Na maziwa ya mutoto, mama, ni miye nilikunywa."

"Ni wewe?" Alishika shavu. "Nyamaza, unanichekesha, na jino inauma."

Mkono wake uliponigusa ulikuwa wa moto kama sufuria. Nikamuita papa, baba yetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisema jino haiui mutu. Alimgusa mama paji la uso, akakimbilia barabarani kutafuta pikipiki.

Leo najua usaha wa jino unaweza kuingia kwenye damu na kumlaza mutu mzima. Siku ile nilijua tu kwamba mama alirudi na pengo na dawa, akalala sana, na kesho yake akaomba uji. Papa aliupika mwenyewe, ukawa na madonge. Mama aliunywa wote, akimcheka kwa upande mmoja wa mdomo.