Nilimdanganya Baba Akaweka Dole Gumba Kwenye Kiapo cha Italia

Admin, jina langu lifiche kabisa. Handeni ni ndogo na baba yangu anajulikana.

Nina miaka 39, naishi Chanika hapa hapa Handeni, nina watoto wawili na cherehani yangu. Baba ninaishi naye. Hajui kusoma na masikio yamechoka. Baba yake mzazi alikuwa Mwitaliano, fundi wa mitambo ya mkonge kule Korogwe. Alimwandikisha baba kwao Italia kwa jina la Giuseppe, kisha akaondoka moja kwa moja. Bibi akaolewa na Mzee Athumani, mtoto yuko mgongoni. Huyo ndiye aliyemlea, akamwita Yusufu, akamfundisha kushika jembe. Watu walimtania baba kwa weupe wake, lakini si mbele ya Mzee Athumani.

Sasa kaka yangu yuko Italia mwaka wa tano, hana karatasi. Akiona polisi anabadilisha njia. Wakili wa huko akamwambia tunaweza kudai uraia mahakamani kwa damu ya babu. Karatasi zote zikapatikana, ikabaki moja tu: baba aape kwamba Giuseppe na Yusufu Athumani ni mtu mmoja.

Jamani, nilimbembeleza mpaka nikalia. Akanijibu, "Mwanangu, baba yangu nilimzika Misima kwa mikono hii. Huyo mwingine simjui hata kaburi."

Na kaka kila siku ananililia kwenye simu. Basi nikamwambia baba twende mjini tukaandikishe bima ya matibabu. Wakili wa hapa mjini alitaka kumsomea kile kiapo, nikasema nitamweleza mwenyewe kwa Kizigua, anaelewa zaidi. Nikamweleza habari za hospitali na dawa. Akaweka dole gumba. Kwenye bodaboda tukirudi akaniombea dua njia nzima. Niliona aibu.

Wiki iliyopita kaka akapiga simu. Kwa vile baba hasikii vizuri, nikaweka sauti kubwa. Kaka akasema, "Baba, Mungu akuweke! Kile kiapo chako kimefika, kesi inasikilizwa mwezi ujao."

"Kiapo gani?" Baba akanigeukia. Akaniagiza nikalete nakala, nimsomee yote. Nilipofika pale paliposema kwamba Athumani alimlea tu, hakumzaa, akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akainuka, akaenda kwenye ndoo, akaosha dole gumba kwa sabuni, na wino ulishatoka siku nyingi.

"Kafute," akasema. "Usipofuta, siku nikifa usikae kwenye matanga yangu."

Nikampigia kaka. Akalia kama mtoto: "Dada, ukifuta umeniua. Na kilichoandikwa si kweli?" Ni kweli! Hicho ndicho kinachonitesa. Kila neno kwenye kiapo ni kweli, uongo ni wangu peke yangu.

Wakili wa Italia anataka jibu Ijumaa. Nikifuta, kesi inakufa na kaka yangu anabaki kujificha. Nikinyamaza, nakosa radhi za mzee aliyenilea. Silali. Nitukaneni mkitaka, nastahili, lakini nielekezeni: nikafute kiapo, au nimwache hakimu aamue?

Baba anajipikia uji mwenyewe siku hizi. Leo asubuhi nimemwamkia shikamoo mara tatu. Hajaitikia.