Mchele Uliomwagwa Mlangoni pa Depo

Nakumbuka asubuhi moja ya mavuno, mwanangu, nikiwa bado bibi harusi mchanga, niliyevuka mpaka kutoka Uvira, nchi jirani, kuja kuolewa hapa Buterere, nje ya mji. Tulikuwa wanawake wa mashamba ya bondeni, mchele kichwani, tukienda mjini kwa Mzee Saidi. Huyo alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kiarabu. Baba yake alinunua mchele wa wakwe zetu, naye akanunua wetu. Hatukuwahi kuandikiana mkataba. Mavuno yakifika alijua tutakuja, nasi tulijua mlango wake utakuwa wazi.

Mbele yetu alitembea Esperansi, jirani yangu, mjane. Watoto wake walikula na kuvaa kutokana na shamba aliloachiwa na mumewe. Ndiye aliyenifundisha kupandikiza miche bila kuvunja mizizi, mimi nikiwa bado naogopa ruba wa majini.

Tulipofika, Mzee Saidi hakuinuka kutulaki. Alikaa mlangoni pa depo, na nyuma yake magunia yamepangwa hadi darini, meupe, yenye maandishi tusiyoyajua. Mchele wa ng'ambo. Baadaye tuliambiwa ushuru umepunguzwa ili uingie kwa wepesi. Siku ile sisi tuliona magunia tu.

"Rudisheni, wamama," alisema, macho chini. "Mi siko mubaya. Watu wanataka huu mupya. Hauna mawe, na bei yake iko chini. Nikinunua wa kwenu, nitauzisha nani?"

"Na watoto wetu, Mzee?" Esperansi akauliza. "Watakula nini?"

"Biashara haigombi, binti yangu."

Hakusema kwa kiburi. Ningependa kukuambia alikuwa mtu mwovu, hadithi ingekuwa nyepesi. Lakini yeye naye alikuja kufunga depo lile, wafanyabiashara wakubwa kuliko yeye walipoanza kuuleta mchele huo kwa malori yao.

Esperansi alishusha gunia lake, akalifungua, akaumwaga mchele wote barabarani. Akaukanyaga kwa miguu miwili. "Kama hauna mwenyewe, basi uliwe na kuku!"

Hapo mama mkwe wangu, Mama Anastazia, mtu wa maneno machache, alipiga magoti vumbini akaanza kuuzoa kwa viganja.

"Yoo, Esperansi," akasema bila kuinua kichwa. "Chakula hakina kosa. We unapiga mutoto wako juu ya hasira ya jirani. Na ule mutu aliyelima huu wa magunia, unazani hana matope kwa miguu? Kasirika, lakini ujue unamukasirikia nani."

"Nani basi, mama?" Esperansi alikuwa analia sasa. "Nionyeshe, nimuendee."

Mama mkwe aliendelea kuzoa, kwa kuwa naye hakumjua. Na mimi leo, na mvi zangu hizi, bado sijamjua vizuri. Walioamua ushuru upunguzwe walikaa mahali ambapo hakuna aliyetuita, wakazungumza lugha ambayo hakuna aliyetutafsiria.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mchele huzoleka, mwanangu, lakini pamoja na mchanga wake. Tuliurudisha nyumbani, tukaula tukitema mawe.

Kuanzia hapo tulipungua kama mshumaa. Huyu alilima nusu, yule akaacha. Mashine ya kukoboa ikauzwa kama chuma chakavu. Esperansi aliuza shamba kwa bwana mmoja anayekaa Kinanira, kule mlimani pasipofika mafuriko, naye akalijaza kifusi na kujenga vyumba vya kupanga. Katika kimojawapo alipanga Esperansi mwenyewe. Mchana alikaa sokoni akipima kwa kikombe mchele ule ule uliomtoa shambani. Nilipopita alinitania, "Karibu, mteja!" Tulicheka, lakini haikuwa furaha.

Mashamba yaliyokuwa yanakunywa mvua yakafunikwa, na mvua ikakosa pa kulala ila vitandani mwetu. Masika moja maji yalikaa ndani ya chumba chake hadi kuta zikaota ukungu. Kifua kikamshika, hakikumwacha. Matangani kwake tulipika wali. Nilipoona gunia lililotumika, na maandishi yake, niliyatambua. Nikala hivyo hivyo. Njaa haina heshima.

Sasa jana uliniletea mgeni wa viatu vya kung'aa, ukaniambia, "Mama, hili shamba halilipi, tuuze, tuingie biashara. Redio inasema mipaka inafunguliwa." Huenda inafunguliwa. Mimi si adui wa mipaka kufunguliwa, nilipita hapo na kikapu changu. Lakini nimeona lori likipita bila kusimama, na mama mwenye kapu la nyanya akipekuliwa hadi kwenye kitambaa cha kichwa. Wakikuambia soko limefunguliwa, uliza limefunguliwa kwa nani.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kipande hiki kilichobaki usikiuze. Fanya biashara zako, lakini kiwe na mtu wa kukilima, hata kwa hasara. Usimchukie mkulima wa mbali, huenda naye anafukuzwa shambani na mchele wa mtu mwingine. Na usimwendee mnunuzi peke yako. Sisi tulikwenda wengi, lakini kila mmoja alirudi na gunia lake, na tangu siku ile hatukukaa tena pamoja tukashauriana.

Sikudanganyi kwamba ukiyashika haya utapona. Esperansi alikuwa hodari kuliko mimi na wewe, na hakupona. Nakuambia tu ili likikufika, usifikiri ni uvivu wako.

Nenda sasa, mwanangu. Imana, Mungu wetu, akulinde na maji na njaa. Akupe majirani wanaosimama nawe mlangoni, na watoto wako wale kilichotoka katika udongo wanaoujua jina. Amina.