Mtori Umeisha

Juzi nilikula mgahawani Himo, meza moja na watafiti watatu waliotoka Mabogini. Walikuwa wakibishana kwa nini wakulima wa huko hawasomi ubao wa zamu za maji ya kumwagilia, wanaulizana tu.

"Maandishi madogo," alisema mtafiti wa maktaba.

"Mazoea hayo," akasema wa saikolojia.

"Ubao uko mbali na mashamba," akasema wa kilimo.

Mhudumu akaja. Nyuma yake vyakula vyote vilikuwa vimeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ukutani. Watatu wakauliza kwa pamoja: "Dada, leo kuna nini?"

"Ngojeni nikamuulize mpishi."

Akarudi. "Mtori ulioandikwa pale umeisha."

Watatu wakageukia ubao.

"Kumbe ubao haujui kilichobaki!" wa kilimo akapaza sauti, wenzake wakipiga meza kwa furaha.

Sijawahi kuona watu wenye njaa wakishangilia kuambiwa mtori umeisha.