Viti Viwili na Keria

Nililiona gari lile nje ya duka la nyavu Mbamba Bay, siku niliyoteremka kununua usipa, dagaa wa ziwani, na usipa nikausahau. Lilikuwa jekundu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba bata wa mwenye duka wangeweza kuchungulia dirishani. Nina miaka hamsini na tatu. Nimefundisha fizikia sekondari zaidi ya nusu ya umri huo, nimesomesha wanangu na wa dada yangu, na sijawahi kwenda na chaki ya shule nyumbani. Lakini pale nilisimama, nikalizunguka mara mbili.

Mwenye duka, mzee ambaye babu yake alitoka Kilwa kufuata biashara, ndiye aliyekuwa akiliuza. Alinieleza kabla sijauliza kwamba kuingia anaingia vizuri, kutoka ndiko kunakomshinda; mgongo umekataa, na siku hizi wateja wake humvuta kwa mikono miwili. Nikauliza limetembea kiasi gani. Akanifungulia mlango nisome mwenyewe: kilomita laki tatu na elfu kumi na mbili.

"Hiyo namba sijaigusa, Mwalimu," akasema. "Ningeirudisha nyuma ungenishukuru leo, kesho ungenilaani."

Akanipa funguo nikajaribu. Barabara ya lami inayopanda kwenda Mbinga ina kona ambazo wageni huzipita wakisali. Miaka yote nimechora kona ubaoni, na mshale unaoelekea katikati, na wanafunzi wakanakili bila kuamini. Siku hiyo mshale ule niliuhisi mbavuni. Gia ya tatu ilikwaruza kidogo, kiti kilinibana kiunoni, na injini ilipopandisha sauti nilicheka peke yangu kama mwehu. Niliporudi dukani mzee aliniangalia usoni, akaenda kuchemsha chai.

Tukakubaliana nikae nalo siku tatu, nilipeleke kwa fundi, kisha nimpe jibu.

Fundi wangu wa Mbinga mjini alilala chini yake asubuhi nzima. Akasema klachi imechoka, linakula oili, na vipuri vyake vitakuwa vya kuagiza. Lakini injini yenyewe nzima, mtu aliyekuwa nalo alilipenda. Nikamwambia basi ni sawa na mti mzee wa kahawa: unaukata kisiki, unachipua upya, unazaa kuliko ule mchanga. Nilijiona nimesema jambo la maana sana. Fundi naye ana shamba la kahawa. Akafuta mikono, akanikumbusha kwamba mkahawa ukiukata unakaa misimu miwili bila kuchuma, akaniuliza kama nina subira hiyo. Sina. Kila mtu aliyewahi kunipikia maharage anajua.

Klachi na oili havikunitisha, na akiba ilitosha. Nililoliogopa ni sengu. Kwetu Wamatengo wazee wa ukoo hukutana kula pamoja kwa mkubwa wao, na wakishakula ndipo mambo ya ukoo huamuliwa. Zamani mwanamke asingekaa pale; mimi walinikaribisha baada ya kupata kazi, na tangu hapo sijawahi kununua kitu kikubwa bila kukipitisha. Ningeweza kulinunua kimya kimya. Lakini gari jekundu haliwezi kuwa siri Mbinga, na baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, angekaa mwaka mzima bila kuitikia shikamoo yangu.

Niseme ukweli ambao wao sikuwaambia. Gari langu la kwanza, lililokufa mwaka jana, lilikuwa la mizigo. Lilibeba wagonjwa, mahindi, maharusi, majeneza na mbuzi wa mahari, na mimi nikawa dereva wa ukoo mzima, Jumapili hadi Jumapili. Hili lilikuwa na viti viwili. Hakuna mgonjwa angeweza kulala humo, wala gunia kuingia. Ndiyo maana nililitaka, zaidi ya rangi na sauti. Nilitaka kitu ambacho hakuna mtu angekuja kukiazima, na niliona haya kulitaka hivyo, na bado nililitaka.

Jumamosi nikalipeleka Mpepai, kijijini kwetu, kwenye sengu. Njia ya kwetu ni ya udongo, ina makorongo, na nilikwenda mwendo wa kinyonga nikisikiliza tumbo la gari. Nilipokata kona ya kwanza ya kijiji nikaona korongo limejazwa udongo mpya. La pili pia. Mbele nikamkuta baba mkubwa mwenyewe, na miaka yake themanini, ameegemea jembe pamoja na binamu zangu wanne. Walikuwa wamesikia gari ni fupi, wakaamka mapema kunitengenezea njia kwa majembe yale yale ya kuchimbia ngolo, yale mashimo yetu ya kuzuia maji kwenye mashamba ya mlimani. Niliwaamkia wote kwa sauti ya mkosaji.

Walilikagua kama wanavyokagua shamba la mlimani, kwa kuanzia chini. Baba mkubwa aliniagiza nilipandishe kwenye tuta, akapiga magoti, akatazama uvunguni kwa muda mrefu. Akauliza lile bomba ni la nini na hii oili inatoka au imeshatoka. Mama yangu, ambaye kwa desturi hakai kwenye sengu, alilizunguka mara moja, akagusa kiti, akarudi jikoni.

Tukala ugali, maharage na kisamvu. Kisha nikajieleza. Niliongea kuhusu lami, kuhusu ubora wa injini, kuhusu umri wangu. Nilijiandaa kukataliwa. Nilikuwa hata nimeshaandaa hasira. Niliitunga njiani, yenye vipengele vitatu.

Wakakubali. Wote. Binamu mmoja tu ndiye aliyeuliza mgonjwa atakaa wapi, na baba mkubwa akamjibu haraka kwamba hilo wameshalifikiria. Wamepima paa kwa kamba nilipokuwa nanawa mikono. Yupo mchomeleaji mjini, atafunga keria ya chuma juu. Magunia mawili ya kahawa yatakaa, na la tatu tukililaza vizuri. Mgonjwa atakaa kiti cha pili, kwa sababu kinalala. Hata vyuma walikuwa navyo, vya lile gari langu lililokufa.

Nikatazama nje. Lile gari jekundu, limeinua pua kwenye tuta, nikalivika kichwani mwangu keria na magunia matatu. Hasira yangu ya vipengele vitatu haikuwa na pa kuanzia, maana hakuna aliyenikatalia kitu. Walikuwa wamefurahi. Walikuwa na udongo wa njia yangu hadi magotini. Nikawashukuru, nikasema nitafikiri, nikatoka nikiwa nimeamua kulirudisha kwa mwenyewe leo hii, lisije likateseka.

Mama alikuwa ameshaingia. Amekaa kiti cha pili, kanga amejitanda vizuri, kikapu kwenye mapaja, mkanda ameufunga mwenyewe.

Mama si Mmatengo. Ni Mnyasa wa Lundo, kando ya ziwa, na alipoolewa alipanda milima hii kwa miguu, siku mbili, na kikapu kichwani. Kwenye lile gari langu la mizigo alikaa nyuma kila safari, kwa sababu mbele palikuwa na mgonjwa, au bibi harusi, au mzee fulani. Sikuwahi kuliwaza hilo mpaka nilipomwona amekaa pale.

"Nipeleke nikaone ziwa," akasema, "kabla hawajatupandishia mzigo."

Nikamwambia ndiko ninakokwenda, kulirudisha. Tulipoiacha njia ya udongo na kushika lami ya kuteremka, akaniambia wewe mbona unaendesha kama uko msibani. Basi nikakanyaga. Kona ya kwanza alishika kikapu. Kona ya pili alishika mkono wangu, nikapunguza, akaniuliza kwa nini nimepunguza. Ziwa lilipotokea chini yetu, lote kwa mara moja, mama akaanza kulisalimia kwa Kinyasa, na mimi nikaendesha huku machozi yananitoka na nacheka, gia ya tatu ikikwaruza kila mara, na oili ikiliwa, na sikujali.

Mzee wa duka alitoka kutupokea akijishika mgongo. Alimwamkia mama, akamkaribisha chai, kisha akainama dirishani kwangu na kuniuliza nimeamuaje.

Nilifungua mdomo. Mama alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya kikapu, mkanda bado ameufunga.

"Mwambie hatushuki," akasema.